Mtungi Uliopakwa Vanishi

Sebuleni kwangu, hapa nyuma ya mtaa wa Kondele, kuna rafu ya mvule inayoshika ukuta mzima. Juu kabisa nimepanga vikombe vya kauri vyenye maua ya waridi na ukingo wa dhahabu uliofifia, nilivyonunua kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa ikihama mji. Chini yake kuna birika lenye mdomo uliomeguka, sahani za buluu nilizookota moja moja sokoni Kibuye kati ya marundo ya mitumba na sufuria, na bakuli kubwa la supu ambalo halijawahi kuiona supu. Mume wangu husema hiyo si rafu, ni dini. Sijamkatalia. Vyombo hivyo navipangusa mwenyewe kila Jumamosi, na mtu akinyoosha mkono kugusa kikombe, namuuliza kwa upole anatafuta nini. Chai ya wageni hunywewa kwa vikombe vya jikoni. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, lakini kauri zangu nazo zipone.

Fundi alipokuwa akiitengeneza rafu hiyo, nilimwambia aache nafasi pana katikati. Hapo nilitaka kuweka mtungi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi, na mtungi huo ndio wa mwisho aliofinyanga kabla macho hayajamwishia. Chini ya shingo yake kuna mistari iliyopigwa kwa kamba ya nyasi, na mahali pamoja, kando ya mistari hiyo, kuna alama ya kidole gumba. Labda bibi aliushika vibaya ukiwa bado mbichi, labda alifanya makusudi, hakuna aliyemuuliza. Mama yangu aliutumia kwa maji ya kunywa miaka yote ya ndoa yake, huko kwao karibu na Kisian. Mgongo wake ulipokataa kuinama akanipa mimi, kwa sharti.

"Hii agulu haijawahi kaa bila maji," aliniambia. Agulu ndivyo tunavyouita mtungi kwa Kijaluo. "Siku nitapata imekauka kwako, nitarudi nayo."

Hakuwa akitania. Mama yangu hatanii juu ya mambo mawili, kanisa na vitu vya mama yake.

Siku fundi alipokuja kufunga rafu, niliumwaga maji mtungi, nikauweka barazani usije ukagongwa, nikaenda kazini. Niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni, anatabasamu hadi magego yanaonekana. Rafu ilikuwa imekaa vizuri, siwezi kumsingizia. Mtungi ulikuwa mahali pake katikati, na ulikuwa unang'aa kama kiatu cha polisi.

"Madam, vanishi ilibaki, nikaona nisiimwage bure," akasema. "Nikaipiga na hiyo agulu yako mara mbili. Si unaona venye imekaa smart? Hiyo sikuchaji."

Mimi ni mtu wa maneno, wanaonijua wanajua. Lakini ungemgombezaje mtu anayekuharibia kitu kwa moyo mweupe namna hiyo? Nilimshukuru, nikamfungia mlango, nikaketi chini.

Vanishi ilipokauka nikaujaza maji, nikijidanganya kwamba labda haijaingia ndani. Mtungi mzuri hutoa jasho. Maji hupenya polepole hadi nje, upepo ukayapuliza, na yaliyobaki ndani yakawa baridi bila kuhitaji umeme wa mtu. Huu wangu sasa ulikaa mkavu siku nzima. Maji yalikuwa vuguvugu, na ukiyanywa ulionja duka la rangi. Nikachukua msasa nikaanza kusugua kwa nyuma, nikaona mistari ya bibi inatoka pamoja na vanishi, unga mwekundu unaanguka mapajani mwangu. Nikautupa msasa dirishani.

Ndipo mama akapiga simu.

"Nyathina, mtoto wangu, nakuja Alhamisi nione hiyo shelf yako inasemwa."

Lazima niseme ziara za mama zilivyo. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, hata mvua inyeshe mawe. Kwa hiyo yeye huja asubuhi, na jioni jua likianza kushuka ziwani hujifunga leso akaondoka. Akifika haangalii chakula wala televisheni. Huketi karibu na mtungi, hunywa maji, halafu husema, "Haya, sasa nimefika kwa mama." Mimi nilikuwa najua vizuri kwamba nusu ya ziara hizo ni zangu na nusu ni za mtungi. Akiurudisha kwake, nini kingemleta tena kwenye nyumba ambayo hawezi hata kulala? Hilo ndilo nililoliogopa, si mtungi peke yake.

Nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa mji huu angefanya. Nikautandikia mtungi kitambaa cha kufuma, kile kikubwa cha kochi, ukafunikwa hadi chini. Nikaweka maji kwenye friji.

Mama alikuja, akaisifu rafu, akasema birika langu ni bovu, akaketi, akaomba maji. Nikamletea. Akanywa funda moja.

"Hii ni ya friji."

"Ndiyo, mama. Leo kuna joto."

"Na agulu iko wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Mbona umeivalisha nguo?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshasimama na kukiinua kitambaa. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alipeleka kidole gumba chake pale palipokuwa na alama ya bibi, kama alivyofanya siku zote, na kidole kikateleza. Akajaribu tena, kikateleza.

"Nani amepaka mama yangu mafuta?"

Nikamweleza yote, fundi, vanishi iliyobaki, msasa. Halafu nikakosa akili, nikaongeza, "Mama, tuuache tu ukae hapo. Hata bila maji unapendeza. Kati ya kauri utakuwa salama, hakuna atakayeugusa."

"Mama hakutengeneza picha," akasema. "Niitie tuktuk."

Nililia. Sioni aibu kusema, mtu mzima na watoto wangu, nililia nikiwa nimeushika mlango. Nikamwambia kama anauchukua, basi nami sijui atakuja kufanya nini kwangu. Nadhani mama hakuwa amewahi kujua kwamba mimi najua nusu ya ziara zake ni za mtungi.

"Kuja pia," akasema. "Kuna mwenye mama alifundisha kufinyanga. Bado anachoma vyungu. Moto ndio ilitengeneza hii kitu, wacha moto itoe hii takataka."

"Na ukipasuka?"

"Ikipasuka, imepasuka. Lakini kukaa hivi, hapana."

Tuliufunga kwa blanketi, nikaupakata njia nzima hadi ng'ambo ya Kisian. Mfinyanzi yule, mwanamke mzee, aliugeuza, akaunusa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Kisha akawa hana mchezo. Alisema mtungi uliokunywa maji maisha yake yote huyaficha mwilini, na ukiutia motoni hivi hivi maji yale yataupasua. Ukae kwanza juani kwa mama, kila siku ya jua, mdomo juu, mpaka siku yake ya kuchoma ifike.

Nikarudi Kondele na blanketi tupu. Katikati ya rafu pakabaki wazi. Nilijaribu kuweka bakuli la supu, likaonekana kama mgeni aliyekalia kiti cha baba mwenye nyumba, nikaliondoa.

Siku ya kuchoma niliomba ruhusa kazini. Wafinyanzi wa kwetu huchoma asubuhi, hewa ikiwa imetulia, kwa sababu adhuhuri ikipita upepo wa ziwa huamka na kuutupa moto upande mmoja. Mtungi wetu ulilazwa katikati, ukazungushiwa vyungu vipya na kuni, ukafunikwa kwa nyasi. Mama alikataa kutazama. Alichukua ungo wa maharage akakaa ameupa moto mgongo, akachambua maharage ambayo nina hakika yalikuwa yameshachambuliwa.

Vanishi iliposhika moto ilitoa moshi mweusi wenye harufu mbaya. Mfinyanzi akapiga makofi. "Tazameni, mapambo ya mji yanaondoka!" Nikacheka kidogo. Kisha ndani ya moto kitu kikalia, pah.

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. Hakugeuka. Mimi nikataka kuchukua fimbo nifukue, mfinyanzi akanikamata mkono. "Ukifungua sasa, baridi itapasua hata ile iko mzima. Ngoja." Basi tukangoja, na sijui kama nimewahi kungoja namna ile, hata wodi ya uzazi. Nilikuwa namhesabia mama alama ya kidole, ipo, haipo, ipo, haipo. Majani ya migomba yakaanza kutikisika, upepo wa ziwa ulikuwa njiani. Moto ukashuka taratibu ukawa majivu.

Mfinyanzi akatia fimbo yake. Kwanza akavuta kipande, halafu kingine, vyekundu, vipya. Kilichopasuka kilikuwa chungu chake kidogo cha kupandia maua. "Mos," tukamwambia, pole, na yeye akatupa vipande kando akisema maua yatapandwa kwingine. Kisha akauviringisha wetu nje. Ubavu mmoja ulikuwa umepigwa weusi mkubwa na moto, na haukuwa na mng'aro hata chembe.

Ulipopoa, mama aliacha ungo, akaja, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Mtungi wenye ufa hujibu kama ubao. Huu ulijibu ngooo, sauti ndefu, safi. Akaugeuza, akatafuta chini ya shingo, akaweka kidole gumba chake. Kikakaa.

"Iko," akasema.

Nikaketi palepale majivuni na sketi yangu ya kazi, nikacheka, nikalia, nikacheka tena.

Mama mwenyewe ndiye aliyeuleta Kondele. Tuliurudisha katikati ya rafu, juu ya sinia, ule ubavu mweusi nikauelekeza ukutani. Mama akaugeuza, weusi ukatazama sebule. "Wacha watu waone ametoka wapi," akasema. Tukaujaza maji, tukayamwaga, tukajaza tena. Hadi tunamaliza kula, matone yalikuwa yameanza kuteremka ubavuni.

Mama akasogeza kiti chake. Nikamletea kikombe cha jikoni, akakiangalia, akainua macho hadi juu ya rafu.

"Nipe hiyo ya maua."

"Mama, hizo si za kunywia."

"Ni za nini?"

Nikapanda stuli nikashusha kikombe cha waridi, nikakifuta kwa upindo wa nguo yangu. Akachota, akanywa, akachota tena, tone likaanguka kwenye mvule wangu wala sikusema kitu.

"Haya," akasema. "Sasa nimefika kwa mama."

Jioni alijifunga leso kama kawaida yake. Mlangoni akageuka, akaninyooshea kidole.

"Nakuja Alhamisi. Hicho kikombe usirudishe juu."

Kipo kando ya mtungi hadi leo, na ukingo wake wa dhahabu umeisha kabisa pale anapowekea mdomo.