Moshi Ambao Baba Mkwe Aliuita Mweupe

Mume wangu alinunua gari la viti viwili, na vyote viwili vilikuwa na wenyewe: kimoja chake, kingine cha baba yake. Mimi na watoto tungeendelea na bajaji kama kawaida. Nilipomuuliza mtu mzima mwenye familia anatafuta nini kwenye gari la spoti lenye umri kumzidi yeye mwenyewe, alicheka tu. Akasema nisubiri nilisikie likinguruma.

Tulilisikia kweli. Alilitoa Kasumulu, mpakani, akaliingiza uani kwetu Ndandalo, jekundu, limelala chini kama kobe, na nyuma yake moshi umefunika njia nzima. Mama mkwe alitoka jikoni mbio, anaupepea kwa kanga. "Kakao yangu! Zima! Zima huo uchafu wako!" Kakao ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, na kakao ikishika harufu ya moshi mnunuzi hataki hata kuishika. Hakuna aliyemsikiliza. Mume wangu alikuwa anamtazama baba yake tu, kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule.

Baba mkwe alikuwa fundi wa magari kwenye mashamba ya chai huko juu Tukuyu mpaka alipostaafu. Gari la namna ile aliwahi kulitunza, la meneja wake, na mume wangu alikua akisikia habari zake jioni kwa jioni. Kwa hiyo hakujinunulia yeye peke yake. Alitaka mzee alifungue kwa mikono yake, alitengeneze, halafu siku moja washuke wawili hadi Matema wakale samaki ufukweni. Alilitaka hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Ndiyo maana hata mimi, mwenye mdomo ninayejulikana, nilinyamaza.

Sasa, kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Najua nyumba nyingi za Wanyakyusa wameshalegeza, wengine wanakula meza moja na kupiga picha za harusi wamekumbatiana. Sisi hatujalegeza. Simwiti jina, simsemeshi, simpi mkono, simtazami usoni. Nikimwona anakuja naingia kwenye migomba; akiniona yeye kwanza, anageukia upande wa pili na kusubiri nipite. Si chuki, ni heshima, na nilishaizoea kama nilivyozoea kuvua viatu mlangoni. Nilikuwa nimeishi uani kwake tangu niolewe, na ungeniambia nikueleze sura yake nisingeweza.

Ila mwaka ule alikuwa ameanza kubadilika. Tukikutana kwenye njia ya kisimani, hakugeuka tena. Alikuja moja kwa moja, polepole, mpaka mimi ndiye nikaruka kwenye matope ya mpunga. Mama mkwe alinitania: "Mzee amekupenda siku hizi, hakukimbii tena." Nilijifanya naona haya, lakini moyoni nilifurahi sana. Nilimpigia hata dada yangu wa Talatala kumhadithia kwamba nimekubalika.

Asubuhi ya kulipima gari nilikuwa nyuma ya jiko, nachungulia kwenye mwanya wa mabanzi. Mume wangu amekaa kwenye usukani, mzee amesimama nyuma ya bomba la ekzosi, mikono mgongoni. Sanduku la kuvundikia kakao lilikuwa limefunuliwa na harufu yake kali ilikuwa imejaa uani. Hakuna pua ambayo ingenusa kingine.

"Moshi hausemi uongo," mzee akasema. "Mweusi, petroli imezidi. Bluu, injini inaunguza oili. Mweupe, maji yanaingia kwenye silinda. Haya, piga resi."

Akapiga.

"Achia. Piga tena."

Ukatoka moshi wa bluu. Sikubahatisha. Bluu kabisa, ukajikunja juu ya mikeka ya kakao na kuning'inia pale.

"Mweupe," akasema baba mkwe. "Gasketi ya silinda hedi imekufa. Tunafungua."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamsubiri mume wangu aseme neno. Alishuka, akautazama ule moshi kwa muda, akafuta mikono kwenye suruali.

"Ndiyo, Tata," akasema. "Mweupe."

Loo! Mchana wakati wa kula nilimbana. "Ule moshi ulikuwa na rangi gani?"

Akajikusanyia wali. "Mzee amesema mweupe."

"Sijakuuliza ya mzee. Nimekuuliza wewe."

"We mwanamke, yule amefungua injini tangu mama yako hajaolewa. Unataka nimwambie nini? Kwamba hajui moshi?"

Basi wakafungua. Siku nzima ya kukoroga grisi, boliti zimepangwa juu ya gunia, na gasketi ilipotoka ilikuwa nzima, haina hata alama. Mzee aliipapasa kwa kidole gumba, akasema imechokea ndani. Mume wangu akaagiza nyingine Mbeya, wakafunga, wakawasha. Bluu vilevile. Mzee akainama, akasema basi bloku imepasuka. Maana yake gari limekufa, halina dawa. Niliona uso wa mume wangu ukishuka. Fundi mmoja wa mjini Kyela alishamwambia, baada ya kuoneshwa video kwenye simu, kwamba hizo ni sili za vavu zinazovujisha oili, kazi ndogo tu. Alikuwa na jibu mfukoni na bado akaitikia, "Ndiyo, Tata."

Nilikuwa nyuma ya yale mabanzi tena, nimeukaba ufagio. Mimi ndiye mwenye mdomo pale uani, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kuufungua.

Ndipo mzee akataka kuokota spana. Ilikuwa mbele yake, peupe, inang'aa kwenye udongo. Mkono wake ukatua pembeni, ukapapasa, ukarudi, ukapapasa tena mpaka ukaigusa. Mume wangu alikuwa anaangalia injini. Mama mkwe alikuwa anageuza kakao. Mimi peke yangu niliuona ule mkono.

Mimi ni nesi. Kila wiki wazee wanakaa mbele yangu wakilalamika kwamba kitenge cha bluu kimepauka, kumbe ni macho yenyewe yameingia ukungu, na rangi ya bluu huwa inatangulia kuondoka. Nawavuta kope, nawamulika, nawaandikia wamwone daktari. Na huyu ninayelala hatua chache kutoka mlangoni kwake sikuwahi kumtazama machoni. Nikaikumbuka njia ya kisimani. Hakuwa amenikubali, jamani. Alikuwa hanioni kabisa. Nilisimama pale na ufagio mkononi nikalia, na hata sikujua nalia kwa ajili yake au kwa ajili ya ile furaha yangu ya kijinga.

Nilimfuata mama mkwe kwenye mikeka. "Mama, mzee haoni."

Hakushtuka. Aliendelea kugeuza kakao, akavunja punje mbili zilizogandana. "Najua."

"Unajua?"

"Namkatia nyama mwaka sasa. Alinikataza nisiseme. Alisema kijana wake akijua hatamletea tena injini."

"Mama, macho hayasubiri heshima!"

"Unanipigia kelele mimi? Nenda kampigie yeye." Alijua siwezi. Halafu akakaa chini palepale kwenye kakao, akajifunika uso na kanga. "Mwanangu, na mimi nifanyeje? Mume akisema funga mdomo, unafunga."

Nilimwambia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka, akaenda kulifunika gari turubai, akakaa kando yake. Alirudi akasema, "Siwezi kumwambia. Nikimwambia namuua." Kwa hiyo tulikuwa watu wazima watatu, wote tunajua, na hakuna wa kumwambia mtu mmoja habari za macho yake mwenyewe.

Aliyepata njia ni mama mkwe. Daktari wa macho alikuwa anakuja hospitalini ninapofanya kazi, na mama akaanza kulalamika kwamba macho yanamwasha, ataanguka mjini, nani wa kumsindikiza. Mzee akanung'unika, akavaa kofia, akamsindikiza. Tulipatana kwamba wakifika dirishani mama atasema, basi na wewe ukae tu wakumulike, tumeshapanga foleni. Mimi nilipanga na mwenzangu awapokee, nami nijifungie chumba cha mafaili mpaka waondoke.

Mwenzangu aliitwa wodi ya wazazi. Nilisikia daktari anaita kwenye korido. Alikuwa mtu wa pwani, mila zetu hazijui, na asingekuwa na muda wa kuelezwa.

"Sista! Njoo umshikie huyu mzee kichwa, hatulii kwenye mashine."

Niliingia. Chumba kilikuwa na giza, taa moja tu ya mashine. Mzee alikuwa ameshatiwa matone, kidevu juu ya kiegemeo cha mashine, kofia mapajani. Nikasimama nyuma yake, nikamshika kichwa kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyofikiri. Kwenye kioo kidogo cha mashine niliuona uso wake, na kope zilikuwa zile zile za mume wangu na za mwanangu wa mwisho.

Daktari alimulika kulia, akamulika kushoto, akarudia kulia. Akasogeza kiti.

"Mzee wangu, huu ukungu wa mbele ni mtoto wa jicho. Huo ningeutoa. Lakini nyuma yake presha ya macho imeshaua mshipa. La kulia limekwisha. La kushoto tutalinda hicho kidogo kilichobaki."

"Ningekuja mapema?"

"Mapema tungezuia, mzee."

Akaikunja kofia mapajani. Kisha akauliza, taratibu, kama mwanafunzi, "Moshi wa bluu na mweupe, daktari. Ningeweza kuutofautisha?"

"Si kwa macho haya. Hapana."

Nilisikia shingo yake inalegea mikononi mwangu. Nilitaka kusema kitu, chochote, hata pole moja. Lakini sauti yangu anaisikia uani kila siku nikigombana na kuku na watoto. Neno moja tu angenijua, na angejua nani amemshika. Daktari alikwenda mlangoni kumwita mama mkwe.

Mzee aliinua mkono, akapapasa hewani, akaupata mkono wangu shavuni kwake. Akaupigapiga polepole.

"Ndaga, asante, sista," akasema. "Humu hospitalini yumo mkamwana wangu, ni nesi kama wewe. Binti mzuri sana. Nakuomba, mwanangu, yeye asije akajua."

Nikatikisa kichwa kumkubalia, mara mbili, kwa nguvu, kabla sijakumbuka kwamba hanioni.