Kiwiko Kimoja, Viwiko Viwili

Wiki iliyopita nilimpigia honi mtu wa baiskeli pale Wanyange, nikiwa ndiyo kwanza nimeiacha Jinja, na tangu siku hiyo sina raha. Unayenijua utashangaa. Mimi si mtu wa kuhangaika kwa ajili ya honi. Nakaa Mpumudde, hapo hapo Jinja, naendesha gari kila siku kwenda kazini, na kwenye barabara zetu hizi usipopiga honi utazeeka hujafika. Lakini kwenye keria ya baiskeli ile alikaa mtoto, tena kinyumenyume, mgongo kwa mgongo na baba yake, miguu ikining'inia. Nilipowapita karibu, karibu mno, alinitazama usoni. Namjua mtoto wa namna ile, kwa sababu niliwahi kuwa yeye.

Nyumbani kwetu ni Mbale, chini ya mlima Wanale, na nyumba yetu iliamka na harufu ya gurusa. Hii ni mikate myembamba ya Kinubi. Bibi yangu, ambaye sisi tulimwita haboba, aliichoma kwenye kikaango cha chuma tangu alfajiri, huku akikohoa moshi na kumlaumu kila mtu kwa kuni mbichi. Kazi yangu ilikuwa kuikunja ikiwa bado ya moto na kuipanga kapuni, kisha kuifunika kwa kitambaa. Vidole viliungua, lakini mkate uliochanika ulikuwa wangu. Baba alilifunga kapu mbele kwenye usukani, akanipandisha mimi nyuma, tukaenda kuwauzia askari magereza na polisi kwenye makazi yao. Wengi walitoka kaskazini na mkate huo hawakuujua kabla ya kuhamishiwa kwetu, ila waliuzoea upesi. Walimwita baba Afande wa Gurusa, mtu ambaye hakuvaa sare hata siku moja maishani mwake.

Sasa nikueleze kwa nini nilikaa kinyumenyume. Baba alikuwa na shingo ngumu, hakuweza kugeuka vizuri, na baiskeli yake haikuwa na kioo. Kioo kilikuwa mimi. Gari likitokea nyuma, nilimgusa mgongoni kwa kiwiko. Kiwiko kimoja maana yake gari dogo, endelea hapo hapo pembeni mwa lami, litatupa nafasi. Viwiko viwili maana yake lori au basi, tushuke kwenye udongo lipite. Mtaani kwetu watoto wengi waliopakiwa walikuwa na kazi hiyo, na tulitambiana nani ana macho makali zaidi. Shuleni mwalimu alinisifu kwa hesabu. Hakujua kwamba hesabu niliyoithamini iliishia kwenye mbili.

Sitaki nikudanganye kwamba enzi zile madereva wote walikuwa malaika. Malori yalikuwa na kiburi tangu zamani, ndiyo maana tuliyapisha. Lakini wenye magari madogo walikuwa na adabu yao. Mtu alisogea hadi katikati ya barabara kutupisha, na palipokuwa na vumbi alipunguza mwendo kwa ajili ya kapu letu. Wengine walimpungia baba mkono, naye akaitikia kwa kichwa bila kujua ni nani. Mimi ndiye niliyeziona nyuso zao. Nilizikariri kama watoto wengine wanavyokariri majina ya wachezaji mpira.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, udongo wa pembeni ulikuwa tope tupu na haboba alikuwa ametuonya tusimletee kapu lenye matope. Gari likatokea nyuma yetu. Lilikuwa dogo, jeupe, peke yake barabarani, wala hakuna kilichokuja kutoka mbele. Nikampiga baba kiwiko kimoja. Baba akaendelea kukanyaga. Nikangoja gari lisogee katikati kama yanavyosogea mengine, na halikusogea. Likaja vile vile, limenyooka, likipiga honi mfululizo, na lilipofika karibu kabisa mimi, niliyekuwa kioo, nilifumba macho.

Nilijikuta kwenye majani, sina hata jeraha la maana. Baba alikuwa kwenye lami, mguu wake umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Gurusa zilikuwa zimetapakaa kwenye tope, na kitambaa cha haboba kimekanyagwa na gurudumu. Gari halikusimama. Askari magereza mmoja, mteja wetu wa kila siku, alikuja mbio akiwa bado anafunga mkanda, akaninyanyua.

"We mtoto, wewe si ulikuwa unaangalia nyuma? Nambari ya gari ilikuwa gani?"

Sikuwa na nambari. Sikuwa na uso wa dereva. Nilikuwa na rangi nyeupe tu, na ilinitia aibu ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri. Dereva yule hakupatikana kamwe.

Mfupa wa baba uliunga kombo. Baiskeli iliegemezwa ukutani mpaka matairi yakaoza. Haboba aliendelea kuchoma gurusa kwa ajili yetu wenyewe, zikapungua, na alipofariki hakuna aliyekibandika tena kikaango chake motoni. Mimi nilibaki na kiwiko changu. Ningempiga baba viwili, angeshuka kwenye tope, angegombezwa na haboba, basi, yangeishia hapo. Nilikaa na jambo hilo kifuani mpaka namaliza shule ya msingi, ndipo nikamwambia. Alicheka kidogo.

"Ilikuwa gari kidogo, wewe ulipiga moja," alisema. "Hakuna kosa, binti yangu. Wewe ulihesabu sawa."

Basi, wiki iliyopita nilikuwa njiani kwenda kumwona. Toka Wanyange hadi kwenye mashamba ya mpunga karibu na Mbale niliwatazama watu wa baiskeli kana kwamba sijawahi kuwaona. Wote walishuka kwenye udongo. Gari dogo, lori, hata pikipiki, waliposikia mngurumo tu waliteremka, wakasimama na mizigo yao wakingoja. Hakuna aliyebaki kwenye lami kwa kutumaini kwamba dereva atasogea. Kiwiko kimoja hakina kazi tena katika barabara ile. Yule wa Wanyange peke yake ndiye aliyeendelea kukanyaga, pengine kwa sababu mtoto wake alinitazama akaona gari dogo, linaendeshwa na mama mtu mzima, akamwambia baba yake nafasi ipo.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, mguu mbaya ameunyoosha mbele. Aliniuliza kama anavyoniuliza kila nikifika, barabara iko namna gani. Siku zote humjibu nzuri. Safari hii nilimwambia juu ya mtoto aliyekaa kinyumenyume.

Akauliza, "Wewe ulimpa nafasi?"

"Sikumpa, baba."

Hakunigombeza, nami nilitamani anigombeze. Aliushika mguu wake kwa mikono miwili, akauvuta pembeni taratibu, akanipisha nipite.