Ushuhuda wa Mama Kuhusu Bitcoin Yangu

Mwenye bitcoin, pesa ya mtandaoni, hana benki ya kukimbilia. Ukiwekewa panga shingoni ukafungua simu na kuituma, imekwenda na hairudi. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nayo nyingi, hapa Nakuru nilijifanya mtu wa kubahatisha maisha. Majirani walijua ninatengeneza kompyuta. Nilivaa sweta iliyotoboka viwiko, nikaweka seng'enge juu ya ukuta, nikafuga mbwa mkali. Nilijiona mwerevu kweli.

Mama yangu anaishi Elburgon. Alianza kuhofia kwamba mwanawe asiye na kazi ya maana, lakini anayemlipia hospitali, lazima ni mwizi. Alikuwa amekonda kwa mawazo. Nikaona heri nimweleze yeye peke yake kuhusu hiyo pesa ya mtandaoni, na kwamba ni siri. Akaitikia kwa kichwa.

Sikujua kwamba kwa mama, siri haiwahusu watu wa kanisa. Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama.

"Bwana asifiwe. Nimekuwa nikilia nikidhani kijana yangu ni mwizi, kumbe Mungu amembariki na bitcoin. Imejaa kwa simu yake, hata haiko benki."

Walipiga makofi. Habari hizo nilizipata kwa shangazi yangu, aliyenipigia simu kunipongeza.

Wiki hiyo hiyo wanaume wawili walifika kwa mama wakisema tulisoma pamoja. Akawapikia chai na chapati. Akawaeleza ninakoishi, na hata jina la mbwa.

"Mathe, huyu jamaa anakupenda," mmoja akasema. "Ukipata shida, si anaweza toa kila kitu?"

"Huyo hawezi ninyima kitu," mama akajibu kwa fahari, akawaongezea chai.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema, ila hawasemi mdomo wa nani na kichwa cha nani. Aliponisimulia kwenye simu, akiwasifu kwa adabu zao, nikaelewa mpango wao: wangemteka yeye ili mimi nitoe pesa. Seng'enge nilikuwa nimeiweka kwa nyumba isiyo yenyewe. Nilimwomba ahamie kwangu, akauliza nani atakamua ng'ombe. Polisi nao waliniuliza kama kunywa chai ni kosa.

Ikabaki njia moja: pale alipotangaza utajiri, atangaze umaskini. Mama hajawahi kusema uongo kanisani. Nilimsihi mpaka nikalia, na sikuwa ninaigiza. Jumapili iliyofuata nilienda naye kanisani, akasimama, akasema pesa yote imepotea. Kanisa zima likaguna kwa huruma. Kisha, kama ilivyo desturi yetu, wakanifanyia harambee papo hapo. Mjane mmoja anayefulia watu nguo alinitolea kuku wake wa pekee. Nilimpokea mbele ya watu wote, sweta yangu ikinitetea vizuri, na aibu ikinichoma.

Wale wawili hawajaonekana tena. Asiyetulia ni mama. Kila asubuhi humwomba Mungu aipoteze kweli hiyo pesa, ili maneno yake yasiwe uongo. Nilipomwambia aache, aliniuliza, "Unataka nifike mbinguni na uongo wako?"

Juzi bei ilianguka vibaya, nami nikamtajia bila kufikiri. Akasema, "Asante Yesu." Akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipodanganya kwa ajili yangu.