Kamba ya Koko kwa Nesi wa Shule

Nilipokuwa mtoto wa darasa la kwanza hapa Brussels, niliogopa siku ya kupimwa afya kuliko siku nyingine zote. Mwalimu alitupanga wawiliwawili, tukashuka hadi kituo cha afya ya shule karibu na uwanja wa Flagey. Huko tulivuliwa nguo tukabaki na chupi, tukangoja mizani huku meno yakigongana kwa baridi. Wenzangu waliogopa sindano. Mimi niliogopa kiuno changu kuonekana.

Kiunoni nilikuwa na kamba nyeusi yenye kipande cha mzizi. Koko, bibi yangu mzaa mama, alinifungia kule Bukavu asubuhi ya safari yetu ya kuja Ulaya. Alisema kamba hiyo ndiyo inayotushika mimi na yeye. Ikikatwa, hatutaonana tena. Mama alicheka kidogo, lakini hakuthubutu kuifungua. Mimi niliamini neno kwa neno.

Nesi aliiona mara moja. Nilikuwa nimenenepa kwa mikate ya Ulaya, kamba imezama kwenye ngozi na kufanya kidonda. Aliposhika mkasi nilipiga ukelele, naye, Mungu ambariki, akaurudisha mezani na kuagiza mama aitwe. Mama alikuja mbio kutoka saluni yake ya mtaa wa Matonge, hapahapa Brussels, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele. Alitazama kidonda, akampigia koko simu palepale.

"Maman, kamba inamukaza mutoto. Madame anataka kuikata."

Nilisikia sauti ya koko ikitoka kwenye simu.

"Iko na kidonda?"

"Ndiyo, maman."

"Bon, wakate. Mutoto apumue."

Ikakatwa. Koko alifariki kabla hatujapata karatasi za kuturuhusu kusafiri kwenda kumwona, na kwa miaka mingi niliulaumu mkasi ule.

Siku hizi najua kwamba zilizotuzuia ni karatasi. Lakini sasa nina binti wa umri uleule, na kuna jambo linalonirudia akilini. Nesi hakuiamini kamba ile. Mama aliiamini nusunusu. Koko aliiamini kabisa. Kwa hiyo aliposema wakate, alijua, kwa imani yake, kwamba hataniona tena, na bado akasema. Mimi nilikuwa nikihangaika na vifungo vya shati, sikuomba hata kupewa simu.

Ninamkumbuka koko hadi leo. Ningependa tu kumwambia kwamba kidonda kilipona.