Mzee Aliyelipima Kovu Nisiloliona

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Gakindu nikichagua ndizi, muuguzi tunayefahamiana akanishika mkono akaniuliza kama nimesikia. Sikuwa nimesikia. Yule mzee wa ultrasaundi, aliyekuwa na chumba chake kidogo mjini Nyeri, alikuwa amefariki nyumbani kwake Skuta, na mazishi yalikuwa yamekwisha kupita. Hakuwa jamaa yangu wala rafiki. Tulionana mara mbili tu. Lakini yeye ndiye aliyeliona kwanza kovu langu la ndani, ambalo mimi mwenyewe sitaliona kamwe.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba kifungua mimba wangu alizaliwa kwa upasuaji. Nilipopata mimba ya pili niliapa kwamba huyu nitamsukuma mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amezaa saba kule Kangari bila kuguswa na kisu, na ingawa hakunisema, macho yake yalinisema. Mimba ilipofika mwezi wa nane, daktari alinituma kwa mzee nikapimwe kovu. Nilidhani ni ule mstari ninaouona nikioga. Mzee akanieleza kwa subira kwamba kovu la ngozi halimwambii kitu. Analolitafuta liko kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, pale uliposhonwa, na ukuta huo huvutika na kuwa mwembamba kadiri mtoto anavyokua. Akanipaka jeli, akapima, akapima tena. Kisha akageuza skrini nami nione: weusi wa kibofu huku, kichwa cha mtoto kule, na kati yao kitu chembamba kama uzi. Nikamuuliza kama kitashika nikisukuma.

"Mami, mashini inanionyesha vile kovu yako iko leo," alisema. "Haiwezi kuniambia vile itafanya siku ya uchungu. Lakini hii ni nyembamba, na sitakuficha."

Nilitoka pale nimekasirika, kana kwamba yeye ndiye aliyelifanya jembamba. Ilinichukua siku kadhaa, na mazungumzo marefu na daktari, kukubali kupasuliwa tena. Baadaye daktari aliniambia kwamba pale penye kovu palibaki utando tu, na kwamba aliziona nywele za mtoto kabla hajakata. Binti huyo sasa ananishinda mbio.

Siku ya tatu baada ya upasuaji huo, nikiwa bado wodini, mzee alikuja. Alinipa pole na hongera, kisha akaniomba ruhusa ya kumuuliza daktari wangu alikuta nini. Alikuwa na daftari la shule, lisilo na majina, upande mmoja kipimo chake, upande wa pili kile ambacho daktari alikiona kwa macho. Nikataka kujua kama yeye huwa anakosea. Akafungua ukurasa mmoja bila kusita. Alikuwa amemwambia mama fulani kovu lake ni jembamba, kumbe ukuta ulikuwa mnene.

"Huyu nilimtisha bure," alisema. "Mpaka leo sijui nilikosea wapi. Ndio maana nauliza."

Hakuna aliyemtuma kuuliza. Hospitali zetu zina mashine nyingi siku hizi, hata katika miji midogo ya huku mlimani, lakini karatasi ya majibu ikishatoka mlangoni, ni nani huifuata kujua iliishia wapi? Mwalimu humwambia mtoto hataweza hesabu, na hamtafuti miaka kumi baadaye. Nami pia ni mkosaji. Nimeandika safu hii miaka mingi nikitabiri mambo ya kilimo, ya ndoa na ya siasa, na sijawahi kurudi nyuma kuona ni lini nilikutisha bure, msomaji wangu, au ni lini nilikutuliza pasipostahili. Nilikuwa nikidhani kazi huisha mtu anapotoa jibu lake. Mzee yule amenifunza kwamba huwa imefika nusu tu. Nusu ya pili ni kwenda kuuliza, na kuandika ulichoambiwa hata kama kinakuumbua.