Buti za Baba Mdogo na Simba wa Butiama

Siku nilipoitwa kazini, baba mdogo alivua buti zake za mpira pale uani kwetu Kiriba, akanikabidhi mbele ya watu, na akasema nitazirudisha kabla ya mvua za vuli. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hakika tu. Alinijua kama mtoto aliyekuwa akitumwa kuchunga ndama na kuwapoteza kwenye mashamba ya mihogo ya watu, na sasa mtoto huyo alikuwa anasema serikali imempa kazi ya kuchunga simba.

"Nakukopesha," alisema. "Siku ukirudi nyumbani jumla, ndiyo siku ya kunirudishia. Sioni kama ni mbali."

Watu walicheka. Shangazi akaongeza kwamba nikimsikia fisi tu nitafika Musoma mjini kabla ya daladala. Nawaandikia haya vijana mnaoanza kazi hii leo, hasa mnaotoka kwenye nyumba ambazo hakuna aliyewahi kuvaa sare. Mimi niliyesemwa hivyo nimestaafu juzi nikiwa na stashahada, ambayo nimeitundika sebuleni juu ya televisheni. Anayebisha aje aisome, chai ipo.

Ofisi ya kwanza ilikuwa Bunda. Niliripoti asubuhi nikiwa na buti za kunipwaya, na Afisa Wanyamapori wa Wilaya, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, akaniuliza ninaogopa nini. Nikajibu kwa kifua kwamba siogopi kitu, mkuu.

"Basi hufai," akasema. "Kaa kwenye benchi pale mpaka upate cha kuogopa."

Nilikaa. Wenzangu walikwenda kula wakarudi. Mchana nikagonga mlango nikamwambia naogopa tembo mwenye mtoto. Akafunga faili lake, akasema sasa twende kazini, na jioni hiyo hiyo tulikuwa kwenye shamba la mtama tukipiga madebe kuwarudisha tembo hifadhini. Yule mkuu alinifundisha kusoma nyayo, kutofautisha kinyesi cha jana na cha leo kwa kukivunja kwa kijiti, na kusimama upande ambao upepo unakuja usoni ili mnyama asikunuse. Mvua za vuli zilikuja zikapita, na buti zilibaki miguuni mwangu.

Chuo nilijisomesha. Likizo zangu zote nilinunua dagaa mwaloni Musoma, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nikawauza minadani, mpaka ada ikatimia. Hakuna mjomba waziri wala mfadhili. Nilipomaliza stashahada nilipangiwa kusini, na huko nikaishi miaka mingi kwenye kikosi cha kukamata na kuhamisha wanyama. Kazi hiyo watu huidhania ni ya bunduki. Bunduki yake hairushi risasi. Inarusha sindano yenye manyoya ya rangi mkiani, na dawa iliyomo hupimwa kwa uzito wa mnyama unaoukadiria kwa macho kutoka mbali. Ukizidisha, moyo unasimama. Ukipunguza, anaamka ukiwa umemshika sikio. Mkuu wa kikosi, aliyekuwa na kovu la nyati begani, alikuwa akituambia kila asubuhi kabla ya kutoka: "Kumlaza mnyama ni kazi ya kijana yeyote mwenye shabaha. Stashahada ni kumwamsha akiwa mzima." Niliwaamsha nyati, twiga, chui na faru wakiwa wazima. Wenzangu wa kikosi hicho bado wapo, waulizeni.

Hatimaye niliomba uhamisho nirudi Mara. Niliporudi, baba mdogo alikuwa ameota mvi. Zake zilikuwa zimechakia miguuni mwangu, kwa hiyo nilimpelekea buti mpya kabisa kutoka dukani, akazikataa. Alisema makubaliano yalikuwa siku nitakayorudi jumla, na kwamba yeye si mtu wa kubadilisha makubaliano. Nikarudi nazo.

Basi ikaja habari ya simba wa Butiama. Jike mmoja na watoto wake watatu walikuwa wametoka hifadhini wakahamia kwenye mlima wa mawe nyuma ya kijiji. Nyinyi mnayajua mawe yetu, yale makubwa yaliyopandana kama mtu ameyapanga, yenye mapango katikati. Yule jike aliona amepata nyumba yenye vyumba vingi, na chini yake zizi baada ya zizi. Alianza na mbuzi, akaja kwenye ndama.

Tuliitwa kwenye mkutano. Mwenye ndama wawili walioliwa alikuwa mzee Magoti, mfugaji anayesikilizwa na kijiji kizima. Hakupaza sauti. Alisema wamechoka na sisi, na kwamba mzoga wa ndama wa pili ameuhifadhi, na dawa ya kuua wadudu wa pamba ipo. Kila mtu alielewa. Simba akila mzoga ule, yeye na watoto wake na fisi na tai wote wangelala hapo hapo.

"Bwana nyama, nyie mnakujaga, mnaandika, mnaondoka," aliniambia. "Kifuta machozi chenu kinafikaga ndama angeshazaa wajukuu. Unataka nini kwetu?"

Nikamwambia nataka siku chache tu. Nitawatoa wote wanne wakiwa hai, mama na wanawe pamoja, na hatawaona tena zizini kwake. Hapo wazee wakaangaliana, na kijana mmoja aliyekaa juu ya bodaboda akasema labda nitawatoa kwa barua. Walicheka sana. Mzee Magoti hakucheka.

"Siku si zako wala si zangu, lakini nakukopesha," alisema. "Mpaka Jumapili. Tukitoka kanisani tukamkuta bado yuko kwenye mawe, mzoga unapanda mlimani."

Nilipopiga simu ofisini nikaambiwa gari letu liko gereji na fedha za robo hiyo hazijashuka. Hifadhi jirani ilikubali kutoa daktari wa wanyama, dawa na tundu la chuma la kumweka mama. Mengine nijitegemee. Mimi kujitegemea ndiyo elimu yangu ya kwanza, kwa hiyo sikulala nikilalamika.

Nilikwenda Kibara kutafuta wavu wa kuzibia njia kati ya mawe, maana simba mtoto akiogopa hujipenyeza pangoni na humtoi. Mvuvi mmoja, Masatu, alikuwa na wavu wa sangara mrefu na imara. Aliponiona na sare alianza kuukunja haraka.

"Wavu wangu halali, bwana nyama. Pima matundu yake."

Nikamwambia sijaja kuukamata wala kuuchoma, nimekuja kuuazima. Alikaa chini kwenye mchanga. Alisema tangu azaliwe hajaona mtu wa sare akiomba wavu. Akanipa, akanisindikiza mpaka barabara ya Bunda akiniuliza simba ana kilo ngapi, na kama anauzwa.

Lori lilitoka kwa Mama Nyangeta wa Musoma mjini, mfanyabiashara wa dagaa niliyekuwa nikinunua kwake enzi za kutafuta ada. Alikubali papo hapo, kwa sharti moja, kwamba simba wasilegeze vyuma vya bodi. Mbuzi wa chambo alitoka kwa mzee Magoti mwenyewe. Alisema amekwisha kopesha siku, mbuzi ni nyongeza, lakini amrudie akiwa mzima.

Jumamosi alfajiri tulikuwa tumejibanza juu ya jiwe, mimi na daktari, upepo usoni. Chini tulimfunga mbuzi ndani ya uzio wa miiba ili asiguswe, na kando yake kipaza sauti kikitoa mlio wa ndama anayeita mama yake. Jike alishuka taratibu kama mwenye nyumba anayekwenda kuangalia nani anagonga. Alipogeuka ubavu, nikarusha. Sindano ikatua pajani. Aliruka, akaitazama, akatembea kama mlevi anayejitahidi kuheshimika, akalala.

Tulimfunika macho kwa kitambaa, tukamtia mafuta machoni ili yasikauke, daktari akahesabu pumzi, mimi nikammwagia maji mwilini joto lisimpande. Tukamvisha kola ya redio, ule mkanda wa shingoni unaotuma mawimbi ili ujue alipo. Wakati huo wanakijiji walikuwa wametanda wavu wa Masatu kuzunguka mawe, na watoto wa simba wakajichomeka humo mmoja mmoja wakitoa sauti za paka aliyekasirika. Matundu ya tundu la chuma yalikuwa makubwa, wangepenya njiani, kwa hiyo dereva wa lori akatoa kreti zake za dagaa zenye vifuniko. Tukawatia humo.

Msafara ulikuwa sherehe. Bodaboda walitufuata kutoka Butiama wakipiga honi, nikasimama kwenye bodi na kuwaambia kelele zinaweza kumuua mnyama mwenye dawa mwilini. Wakanyamaza. Nilishuhudia bodaboda wa Bunda wakisukuma pikipiki zao kimya mbele ya soko, huku wakiweka kidole mdomoni kuwanyamazisha abiria.

Tuliwashusha kwenye boma la muda pembeni mwa hifadhi, uzio wa waya wenye vyumba viwili, ambako wanyama hukaa mpaka watulie kabla ya kuachiwa. Daktari akamdunga mama dawa ya kuzindua. Akaamka vizuri, akanywa maji, akala nyama. Jioni tukawaleta watoto kwenye chumba cha pili ili wanusane kupitia waya.

Mama alikuja, akanusa, akarudi nyuma, akakunja pua. Kisha akaupiga waya kwa mkono mpaka nguzo ikatikisika. Watoto wakakimbilia kona. Alifanya hivyo kila waliposogea.

Walikuwa wananuka dagaa. Kreti zile zilikuwa zimebeba dagaa tangu zitengenezwe, na harufu ilikuwa imewaingia mpaka kwenye ngozi. Kwake, aliyeamka na kichwa kizito mahali asipopajua, wale walikuwa wageni kutoka sokoni. Daktari alisema kwa huzuni kwamba tukifungua mlango wa katikati anaweza kuwaua. Nikampigia Mkuu wa Kanda. Akanisikiliza, akasema kama amewakataa mpaka asubuhi, nimwachilie mama porini na watoto waende kufugwa kwenye bustani ya wanyama maisha yao yote.

"Wakiwa hai, umetimiza kazi," alisema.

Nikamjibu kwamba mimi niliahidi familia, mkuu.

Nilikaa nikiangalia ule waya, na akilini mwangu akaja mama yangu mzazi, zizini Kiriba. Ng'ombe wake mmoja alimkataa ndama wake aliyegaagaa kwenye tope la zizi la watu akabadilika harufu. Mama hakumpiga wala hakumfunga. Alichukua majani ya mahali alipolala yule ng'ombe, yakiwa na mkojo wake, akamsugua nayo ndama mwili mzima, akampaka chumvi mgongoni, akamsogeza. Ng'ombe akaanza kulamba chumvi, na alipomaliza chumvi alikuwa amekwisha kumpokea mwanawe. Kila nyumba yenye ng'ombe huko kwetu inaijua njia hiyo. Kitabu cha stashahada hakinayo, nami nilikuwa nimezipata elimu zote mbili, ndiyo maana kazi ilinikubali.

Tuliyavuta kwa reki majani aliyolalia simba, nikavaa glavu, nikawasugua wale watoto mmoja baada ya mwingine huku wakiniparua. Mahali pa chumvi nikaweka damu ya nyama aliyokuwa akiila. Nikawapaka migongoni. Daktari alinitazama akasema hili ataliandikia ripoti yeye, mimi nisihangaike. Kisha tukavuta kamba, mlango mdogo ukafunguka.

Mtoto wa kwanza alikwenda kwa tumbo. Mama akainuka. Akainamisha kichwa, akanusa muda mrefu. Akaupitisha ulimi mgongoni, ulimi ule kama msasa, mtoto akaanguka chali. Akamlamba tena. Wengine wawili wakaja mbio wakampanda kichwani. Daktari alinikumbatia, na dereva wa Mama Nyangeta, aliyekataa kuondoka na lori mpaka ajue mwisho, akaketi kwenye tairi na kufuta macho kwa kofia.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, nilisimama mbele ya mzee Magoti na mbuzi wake akiwa kwenye kamba. Alimkagua miguu, masikio, meno. Kisha akaagiza mzoga ule uchimbiwe shimo refu.

Niliwaachilia simba wakati nyasi zilipoota. Wavu wa Masatu niliushona mwenyewe mahali walipoutafuna, ingawa alitaka ubaki na matundu ili awaonyeshe watu. Lakini moyoni niliona wote walionikopesha bado wananidai. Walikuwa wamemkopesha mtu wa sare, na hakuna aliyewahi kuona kilichotokana na mkopo wake.

Kwa hiyo nilipostaafu, ofisi iliponiuliza nataka ukumbi gani wa kuniagia, nikasema nataka gari na dereva kwa siku moja. Nikawachukua mzee Magoti, Masatu, Mama Nyangeta, na baba mdogo, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na hajawahi kuingia hifadhini ingawa amezaliwa jirani nayo. Tulifuata mawimbi ya kola. Tukamkuta yule jike chini ya mti wa miiba, na mabinti zake wawili wakubwa, na vitoto vidogo vikichezea mkia wake.

Masatu ndiye aliyenong'ona kwamba hao wote wamevuliwa kwa wavu wake. Mama Nyangeta akasema bila lori wangekuwa bado Butiama. Mzee Magoti alimtazama simba kwa muda.

"Huyu ndiye alikula ndama wangu?"

"Ndiye, mzee."

"Amenenepa," alisema. "Ndama wangu walikuwa wazuri. Hunidai, sikudai."

Tuliporudi Kiriba nilimshusha baba mdogo uani, mahali pale pale. Nikakaa kwenye kigoda, nikavua buti zangu za kazi, nikazifuta, nikaziweka miguuni pake. Nikamwambia nimerudi jumla.

Alizivaa. Akasimama, akatembea mpaka zizini akarudi, akiziangalia miguuni.

"Nilisema kabla ya mvua za vuli," alisema. "Umechelewa."

Kisha akacheka mpaka nikamshika asianguke, na hakuzivua mpaka alipokwenda kulala.