Baba Mkwe Wangu, Mtu Mmoja Wawili

Mwaka nilioolewa karibu na Nyamongo nilikuwa nasoma riwaya ya zamani ya Kirusi, na kila siku niligombana nayo. Kijana anayesimuliwa humo anawapa wenye shida hela yake ya mwisho, na mikono hiyo hiyo imeua. Nilimwambia mume wangu kwamba mwandishi anatuchezea akili. Mtu hawezi kuwa wawili. Lazima mmoja wao anaigiza. Mume wangu, ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote, alicheka. "Kwani wewe huishi na baba?"

Baba yake alikuwa mkali kuliko pilipili. Kwa Wakurya baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, wala hamgusi mkwewe. Yeye alizidisha: akiongea nami alitazama ng'ombe. "Mwambieni mwalimu kuku wake wako kwenye mtama wangu," alikuwa akisema, na hapo tupo wawili tu. Asubuhi alituma maziwa ya moto yafike kwangu kabla sijaenda shuleni kufundisha, kisha akatangazia boma zima kwamba mke wa mwanawe ni mvivu. Kwa hasira zangu za ualimu niliamua kwamba maziwa ni maigizo na matusi ndiyo ukweli.

Nilikuwa na mimba. Mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika, na hii ilikuwa imefika miezi saba. Mchana mmoja, mume wangu akiwa zamu mgodini, damu ilianza kutoka nikaanguka chumbani. Nikapiga kelele.

"Nani anapiga kelele kwenye boma langu?" alifoka baba mkwe huko nje.

"Tata," nikamwita baba kwa lugha yao, "ni mimi. Mtoto anakufa."

Hatua zake zilikaribia, zikakoma. Nilijua amesimama mlangoni, na nilijua hataingia. Nikaanza kumwomba Mungu alete mwanamke yeyote, hata jirani tuliyenuniana naye. Kisha nikaona malapa yake ya tairi karibu na uso wangu.

Alininyanyua huku akinisema. "Mzito hivi, anakula nini huyu?" Alisimamisha bodaboda barabarani, tukapanda mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia ili nisianguke. Wote waliotujua walishika midomo. Yeye alikuwa akimgombeza dereva kwa kila shimo, huku mikono yake ikinikaza zaidi kiunoni. Binti yangu alizaliwa siku hiyo hiyo, mdogo mno, akaishi. Mpaka leo nikimsikia akicheka na wenzake uani, namshukuru yule mzee kabla sijamshukuru daktari.

Tuliporudi kutoka hospitali, wazee walikuja kusafisha nyumba, maana mwiko ulikuwa umevunjwa. Hakuna aliyemlazimisha baba mkwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaita, akawakaripia kwa kuchelewa. Alileta mbuzi, akakiri kosa mbele ya ukoo kwa sauti ya kutosha kusikika hadi barabarani. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, mtoto kifuani, nimeinamisha kichwa.

Mzee mmoja akamtaka aseme kwamba kosa hilo halitarudiwa.

"Huyu mbuzi ni wa kosa la juzi," akajibu, macho yake kwenye zizi. "Yule mweusi pale msimuuze. Huyu mama akianguka tena, nitaingia tena."